Msingi Kwanza, Kontena Baadaye

(Mada ya kamati ya ujenzi iliyosomwa mbele ya wanakikundi na wageni waalikwa katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi, Olbalbal)

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu, Engai, kwa kutufikisha siku hii ya leo. Miaka 10 si haba. Tulipoanza kuweka hisa wapo waliosema eti fedha za wanawake zitaishia kwenye chai na sukari. Leo kisanduku kipo, kufuli tatu zipo, na funguo tatu bado zinakaa kwa watu watatu mbalimbali. Hongereni sana akina mama.

Ndugu wanakikundi, sisi wa kamati ya ujenzi tumepewa nafasi ya kuzungumzia jambo moja tu, nalo ni kontena. Mkutano wetu ulikwisha kuamua kwamba tununue kontena la futi 20 liwe ghala la mahindi la kikundi. Hilo limepita. Jambo ambalo halijapita ni fungu la kutengeneza mahali litakapokaa. Wako wenzetu wanaosema fungu hilo lipunguzwe, fedha ziende kwenye rangi na meza ya mzani, kwa maana kontena ni chuma na chuma hakihitaji msingi. Lishushwe chini, basi, limekaa. Kwa heshima zote tunaomba tueleze kwa nini sisi hatukubaliani na mawazo hayo, na kwa nini tunaomba fungu la msingi lisiguswe hata senti moja.

KWA NINI TUNATAKA GHALA

Wote tunajua hali yetu. Hapa hifadhini hatulimi. Kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, na mwaka 2009 kikasimamishwa. Kwa hiyo ugali na uji wa watoto hutoka kwenye mahindi ya kununua. Yanatoka Karatu na kwingineko, yanapita lango la Lodoare, yanapanda ukingo wa kreta, ndipo yanateremka mpaka kwetu. Wakati wa mavuno bei huwa nafuu. Mvua ikiharibu barabara, au ng'ombe wakikonda na soko la mifugo likaanguka, gunia lile lile linakuwa mzigo usiobebeka. Shabaha ya ghala ni kununua mapema kwa pamoja, na kumwuzia mwanakikundi kwa bei ya haki wakati wa shida.

Sasa, ghala lenye mlango usiofunga na sakafu inayolowa si ghala. Mahindi yakipata unyevu huota ukungu, na ukungu wa aina fulani huleta sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Manyara ni jirani zetu. Kwa hiyo tunaposema habari ya msingi, hatusemi habari ya uzuri wa jengo. Tunasema habari ya chakula cha watoto na akiba ya miaka 10.

KONTENA LILIVYOUNDWA

Makontena ya namna hii yalianza safari za baharini mwaka 1956, pale Mmarekani mmoja, Malcom McLean, alipopakia masanduku 58 katika meli iliyoitwa Ideal X, kutoka Newark kwenda Houston. Baadaye mataifa yakakubaliana vipimo, ili sanduku lililojazwa upande mmoja wa dunia liweze kupakiwa kwenye meli, treni au lori lolote upande mwingine. La futi 20 lina urefu wa mita 6.06 na upana wa mita 2.44, na likiwa tupu lina uzito wa tani 2 na ushei.

Jambo la kushika ni hili. Nguvu ya kontena iko kwenye pembe zake. Kila pembe ina kipande kinene cha chuma chenye matundu, nne chini na nne juu. Melini hupangwa moja juu ya jingine, na uzito wote hushuka kwenye nguzo za pembe. Zile kuta za bati lenye migongo husaidia fremu isiyumbe, na sakafu ya mbao imelala juu ya mihimili inayotoka upande mmoja kwenda wa pili. Tumbo la kontena halikutengenezwa kulalia udongo. Likiachwa kwenye udongo, unyevu unakamatwa chini, kutu inakula mihimili, na mbao za sakafu zinaanza kuoza mahali ambapo hakuna anayeona.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme tumeweka magunia 60 ya kilo 100. Hizo ni tani 6. Ongeza uzito wa kontena lenyewe, tunapata tani 8 na zaidi. Gawanya kwa pembe nne, kila pembe inabeba kama tani 2. Na kile chuma cha pembe kinapokanyaga chini kina ukubwa wa sentimita 18 kwa 16 hivi, yaani kama kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Tani 2 juu ya kiganja kimoja! Ng'ombe mwenye kwato ndogo huzama kwenye tope, sembuse hilo. Lakini chini ya pembe hiyo tukiweka jiwe la zege la sentimita 60 kwa 60, uzito ule ule unatawanyika mahali pakubwa zaidi ya mara 12. Hapo udongo unaweza kuvumilia.

MAFIGA MATATU NA PEMBE NNE

Kila mama hapa amewahi kuinjika chungu au sufuria. Mafiga ni matatu, na hata kama moja ni refu kidogo, sufuria haichezi. Inaweza kuinama, lakini imeshika mawe yote. Weka mafiga manne uone. Moja likiwa fupi, sufuria inakaa juu ya matatu na la nne halina kazi. Ukikoroga ugali, inagonga huku na huku.

Kontena ni sufuria ya mafiga manne, na hatuwezi kupunguza moja. Pembe moja ikizama, kontena linaning'inia kwenye zile nyingine, na uzito wa mahindi unaivuta chini ile pembe isiyo na kitu. Fremu inajipinda. Macho hayawezi kuona upesi, ila mlango unajua. Milango ya kontena ni miwili, mikubwa, imepimwa ikae sawasawa ndani ya fremu yake. Fremu ikienda mshazari, mlango mmoja unapanda na mwenzake unashuka. Vile vyuma virefu vya kufungia havipati tena mahali pake. Mipira ya pembeni inayozuia maji na vumbi inaachia upenyo. Matokeo yake ni mlango unaofungwa kwa kupigwa teke na kufunguliwa kwa mtaimbo, mpaka siku usiofungika kabisa. Kufuli tatu hapo zitasaidia nini?

Kwa hiyo tutofautishe mambo mawili. Kuinama ni jambo moja, kujipinda ni jingine. Kontena zima likiinama kidogo kuelekea upande mmoja, pembe zote nne zikiwa zimeshika, halipati dhara. Hata sisi tunapendekeza upande wa nyuma uwe juu kuliko wa mlangoni kwa sentimita 3 hivi, ili maji ya mvua yasituame juu ya paa. Lakini pembe mbili za mlangoni ziwe usawa mmoja kabisa, na mbili za nyuma kadhalika. Hilo ndilo linaloitwa kusawazisha kontena.

UDONGO WETU

Wenzetu wengine watasema: mbona mijini tunaona makontena yamewekwa tu kando ya barabara, na maduka yanaendelea? Ndiyo, lakini Olbalbal siyo mjini. Hapa kwetu ni bonde linalopokea maji. Maji ya korongo la Oldupai huishia huku, na ya miteremko ya milima nayo yanashuka. Kule chini mbugani kuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka, nyufa zinaingiza mkono wa mtu, nyingine zinashuka zaidi ya mita moja. Masika ikifika udongo huo huo unakunywa maji na kuvimba. Unapanda na kushuka kila mwaka, wala haupandi sawa kila mahali. Pembe moja ya kontena inainuliwa, nyingine inaachwa.

Ukitoka mbugani kwenda juu kidogo, tunakuta vumbi laini lililotokana na majivu ya volkano. Hilo nalo likikauka linapeperuka, na maji yakipita kwa kasi linachimbika upesi. Kumbukeni mvua za mwaka 1997 na 1998 zilivyochimba makorongo.

Haya mambo si mageni kwa wanawake wa Kimaasai. Nyumba zetu tunajenga wenyewe. Hakuna mama mwenye akili anayesimamisha enkaji penye njia ya maji. Anatazama mwinuko, anatazama maji yanakokimbilia, ndipo anachimbia miti. Na anapompakia punda madumu, anapima kushoto na kulia, maana mzigo ukizidi upande mmoja utageuka njiani. Tunachoomba ni akili hiyo hiyo itumike kwenye chuma.

KAZI ITAKAVYOKWENDA

Kwanza ni kibali. Humu hifadhini hatuweki jengo wala kuchimba mchanga na mawe bila ruhusa ya Mamlaka, na kontena lisiletwe mpaka karatasi iko mkononi. Aidha, nchi hii ndiyo ile ambayo Mary Leakey aliona fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, palepale Oldupai. Mashimo yetu yakitoa mfupa uliogeuka jiwe au zana ya kale ya mawe, tunasimamisha kazi na kutoa taarifa. Mambo ya kale yanalindwa kwa sheria.

Pili ni mahali. Tumechagua mwinuko ulio mbali na udongo mweusi, ambako hata masika maji hayatuami. Kazi ifanyike kiangazi, kwa sababu lori lenye mzigo huo haliwezi kufika kwetu wakati wa tope. Mbele ya mahali penyewe pabaki uwanja mnyoofu wa kutosha lori kurudi nyuma na kuondoka.

Tatu ni kupima. Vinapigwa vigingi vinne, mita 6.06 kwa 2.44. Kisha tunapima kutoka pembe hadi pembe ya pili kwa mshazari. Pande zote mbili zikitoa mita 6.53, pembe zimenyooka. Zikitofautiana, vigingi vihamishwe. Baada ya hapo tunatafuta usawa kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Unajazwa maji, povu lote linatolewa, mmoja anashika ncha kwenye kigingi cha kwanza na mwenzake anakwenda na ncha ya pili kwenye vingine. Maji yakitulia, yako usawa mmoja ncha zote mbili, na hapo tunachora alama. Maji hayana upendeleo, wala hayahitaji shule. Fundi awepo na pimamaji yake, lakini nasi tuwepo na mpira wetu.

Nne ni mashimo. Tunachimba manne, chini ya kila pembe, mpaka tufike udongo mgumu usiobonyea. Tunajaza changarawe, tunamwagia maji kidogo na kushindilia, sentimita 15 kwa 15, si kumwaga yote mara moja. Juu yake linakaa jiwe la zege la sentimita 60 kila upande, nusu ndani ya ardhi na nusu nje. Ile nusu ya nje ndiyo itakayopitisha hewa chini ya kontena, na kutuwezesha kuchungulia kama kuna panya, mchwa au kutu. Mbao na magogo hatuyataki kwa sababu ya mchwa. Zege ni kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Kwa mawe yote manne tumekadiria mifuko 6 ya saruji na madumu 8 hadi 10 ya maji ya kuchanganyia.

Tunajua maji ni taabu. Lakini zege lisilonyweshwa hupasuka na kubaki dhaifu. Kwa siku 7 tutalifunika kwa magunia yaliyoloweshwa na plastiki juu yake, ili maji machache yafanye kazi kubwa. Lori lisije mpaka zimepita siku 28. Pasipo haraka hakuna hasara.

Tano ni kushusha. Watoto na mifugo wakae mbali, na mtu yeyote asipite chini ya mzigo unaoning'inia. Ikiwa tutatumia jeki, utaratibu ni kuinua kidogo na kutegemeza kidogo. Mtu asiingize mkono wala kichwa chini ya kontena linaloshikiliwa na jeki peke yake. Tukisema hivyo hatutishi watu. Tani 2 hazirudi nyuma kwa kuombwa.

Sita ni kusawazisha, na kazi hii ifanyike kontena likiwa tupu. Tunajaribu kupenyeza bati jembamba chini ya kila pembe. Linapopenya, pembe hiyo haijashika. Inainuliwa kwa jeki, vinawekwa vipande vya bamba la chuma mpaka bati lisipenye tena. Halafu tunafungua na kufunga milango yote miwili. Ikifungwa na mama mmoja kwa mkono wake, bila kupigwa, kazi imekubalika. Ikikataa, fundi hajalipwa fungu lake la mwisho.

Saba ni ulinzi. Upande wa juu tunachimba mfereji wa kukinga maji yasipite chini ya kontena, na kuzungushia miiba ili ng'ombe wasije kujikuna na kukanyaga kingo za msingi. Ndani, magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na yapangwe kwa kugawanya uzito pande zote. Kila baada ya masika na kila baada ya vuli, kamati irudi na mpira wa maji na lile bati, na katibu aandike kitabuni kilichoonekana.

SWALI GUMU

Ndugu Mwenyekiti, liko swali lililoulizwa kikaoni, na tusingetenda haki kama tungelipita. Tangu mwaka 2022 wako watu wa Ngorongoro waliohamia Msomera, Handeni. Wamo waliokuwa wakikaa nasi kwenye duara hili. Kila mmoja ana mawazo yake juu ya jambo hilo, na leo siyo siku ya kulijadili. Swali lenyewe ni hili: kwa nini tuzike saruji kwenye ardhi ambayo hatujui kesho yake?

Jibu letu ni kwamba kitu cha thamani tunachonunua hakizikwi. Mawe manne ya zege yatabaki, na hiyo ni sehemu ndogo ya gharama. Kontena ndilo mali, na lina uwezo wa kuinuliwa na kwenda popote kikundi kitakapokuwa. Lakini litaweza hivyo likiwa limenyooka. Trela la lori lina vishikio vinne vinavyoingia katika matundu ya pembe nne, kwa vipimo vile vile vya dunia nzima. Fremu iliyopinda haikai vizuri kwenye vishikio hivyo, na mnunuzi akiona milango haifungi atatoa bei ya chuma chakavu. Kwa hiyo, tukikaa hapa tunahitaji kontena lisilopinda. Tukihama tunahitaji kontena lisilopinda. Hatuoni njia ya tatu.

OMBI LETU

Ndugu wanakikundi, rangi inaweza kungoja mwaka ujao. Meza ya mzani inaweza kungoja. Mzigo ukishawekwa ndani, msingi haungoji, kwa sababu kuutengeneza baadaye ni kutoa magunia 60, kukodi jeki na fundi upya, na kuanza mwanzo wakati mahindi yamelala nje kwenye umande.

Tunaomba mambo matatu. Fungu la msingi lipitishwe kama lilivyo. Kila kundi la watu watano litoe siku mbili za kazi: kubeba mawe, kuteka maji na kushindilia. Na wafadhili wetu wa hapa nyumbani mliokuja leo, mwenye lori, mwenye punda, mwenye mtaimbo, mjiandikishe kwa katibu kabla ya kwenda kula.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunasema tusingoje huo ufa.